Chuo cha ualimu, chuo cha masomo ya jumla au chuo cha Weusi: mfano upi wa Marekani ya miaka ya 1950 unakufaa?

Kila muhula wa pili ukianza napata mgeni wa aina moja ofisini. Aidha ni mwanachuo mwenye mada ya historia ya elimu ambayo bado haijakaa sawa, au ni mkufunzi mwenzangu wa chuo jirani aliyetiwa kwenye kamati ya kupitia upya mazoezi ya kufundisha. Wote wamesoma mahali kwamba Wamarekani, katikati ya karne iliyopita, walikuwa wakitoa walimu kwa makumi ya maelfu, na wanataka kujua waanze kutazama wapi. Shida ni kwamba wengi hudhani "chuo cha Marekani" ni kitu kimoja. Basi nimeona niandike mara moja, nikiulizwa tena nielekeze huku.

Nalinganisha aina tatu kama zilivyokuwa kati ya 1945, vita vilipoisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ya kwanza ni chuo cha ualimu cha jimbo, kilichojengwa na serikali ya jimbo kwa kazi ya kuandaa walimu: Ball State mjini Muncie, Indiana, kilichobeba jina la ndugu watengenezaji wa chupa za kuhifadhia vyakula, au Illinois State Normal, ambacho mji wenyewe ulikopa jina kwake ukaitwa Normal. Ya pili ni chuo kidogo cha masomo ya jumla, mara nyingi chenye asili ya kanisa, ambako mtu alisoma historia, kemia au fasihi na ualimu ulikuwa idara ndogo pembeni. Oberlin na Ohio Wesleyan huko Ohio, na Berea huko Kentucky, ni mifano. Ya tatu ni chuo cha Weusi cha Kusini: Hampton huko Virginia, Tuskegee na Alabama State huko Alabama.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki si mbali sana. Mbiyu Koinange wa Kiambu alitua Hampton mwaka 1927, akaendelea Ohio Wesleyan, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Aliporudi alifungua chuo cha ualimu Githunguri mwaka 1939, ambacho baadaye kilishikwa na Jomo Kenyatta mpaka wakoloni walipokifunga 1952. Mtu mmoja, na aina mbili kati ya hizi tatu amezipitia bweni kwa bweni.

Vigezo

Nauliza maswali matano kwa kila aina. Nani aliingia na alilipa nini? Bwenini aliishije? Alisoma nini? Nani alimtazama siku aliposimama mbele ya watoto? Na alipohitimu, kazi ilimpokeaje?

Swali la nne nalipa uzito kuliko mengine, na sababu yangu ni ya binafsi. Nilipokuwa mwanachuo nilipangiwa mazoezi katika shule ya mbali na chuo. Msimamizi alikuja mara moja tu, Ijumaa, akakaa kama dakika kumi na mbili, akaniandikia: "Jitahidi kutumia zana." Zana zangu zilikuwa chini ya meza, nazisubirishia hatua ya maarifa mapya. Hadi leo nikisoma habari za chuo chochote cha ualimu, popote duniani, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nani alikaa kwenye kiti cha nyuma, na kwa muda gani. Wewe unaweza kuwa na kidonda kingine, hivyo pima uzito wako mwenyewe.

Mlango na ada

Chuo cha jimbo kilikuwa mlango wa mtoto wa mkulima. Mila hiyo ilianzia Lexington, Massachusetts, mwaka 1839, ambako shule ya kwanza ya serikali ya kuandaa walimu ilifunguliwa ikapata wanafunzi watatu siku ya kwanza. Karne moja baadaye vyuo vya namna hiyo vilikuwa vimeenea nchi nzima. Ada ilikuwa ndogo, na mahali pengine ilisamehewa kabisa kwa anayeahidi kufundisha. Lyndon Johnson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alisoma katika chuo kama hicho San Marcos, Texas, huku akifanya usafi na kutumwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Fedha zilipobana alikatiza masomo akaenda Cotulla kufundisha watoto wenye asili ya Meksiko, akarudi kumaliza mwaka 1930. Alipotia saini sheria ya elimu ya juu ya 1965 alikwenda kuitilia San Marcos.

Kilichobadilisha sura ya vyuo hivi ni sheria ya Juni 1944 ya askari waliorudi vitani. Serikali ililipa hadi dola 500 kwa mwaka za ada na vitabu, na posho ya kila mwezi juu yake. Zaidi ya askari milioni mbili waliingia vyuoni kwa mlango huo. Hebu fikiria chuo kilichozoea mabinti wa miaka kumi na minane, ghafla kinapokea wanaume wa miaka ishirini na mitano waliotoka vitani, wengine na wake na watoto wachanga, wanaoishi kwenye nyumba za muda zilizoletwa kutoka kambi za jeshi, nepi zikining'inia nyuma ya maktaba.

Chuo cha masomo ya jumla kilikuwa ghali zaidi na kilichagua zaidi. Berea hakikufuata kanuni hiyo: tangu 1892 hakikutoza ada ya masomo, na kila mwanafunzi alifanya kazi angalau saa kumi kwa wiki, akisuka vitambaa, akitengeneza mifagio au akihudumia katika hoteli ya chuo. Ila hata mlango huo wazi ulifungwa kwa nguvu. Sheria ya Kentucky ya 1904 ilikataza Weusi na Weupe kusoma pamoja, na Berea, kilichoanzishwa 1855 kwa nia ya kuwaunganisha, kilingoja hadi 1950 sheria ilipolegezwa.

Kuhusu chuo cha Weusi, hata neno "kuchagua" nalitumia kwa shingo upande. Kijana Mweusi wa Alabama mwaka 1950 hakukaa mezani kulinganisha. Sheria ilikuwa imeshamchagulia. Majimbo ya Kusini yalitoa fedha kidogo kwa vyuo vyake, na askari Weusi waliorudi na haki ileile ya 1944 mara nyingi walikuta nafasi zimejaa. Wewe unayesoma leo ndiye unayeweza kuchagua nini cha kujifunza kutoka kwao.

Bwenini

Hapa aina zote tatu zilifanana kuliko wahusika wangependa kukiri. Chuo kilijiona ni mzazi. Binti wa mwaka wa kwanza, mwaka 1952, anayetaka kwenda sinema Jumamosi, anajaza kadi kwenye meza ya mlangoni: jina, anakokwenda, anakwenda na nani, saa ya kutoka. Akirudi, mama mlezi wa bweni anatazama saa ya ukutani. Dakika za kuchelewa zinaandikwa. Zikijumlika, binti anafungiwa bwenini wikendi nzima, hana sinema wala mgeni. Kaka yake katika bweni la wanaume hana kadi wala saa ya ukutani. Suruali kwa binti ilikuwa ya michezoni na chumbani, si ya darasani. Wapya wa jinsia zote walivishwa kofia ndogo za rangi za chuo kwa majuma ya kwanza, na anayekutwa bila kofia alikuwa halali ya wakubwa wake kumtania.

Tofauti ilikuwa katika sababu. Kwenye chuo cha ualimu, nidhamu ya bweni ilihesabiwa kuwa sehemu ya mafunzo: mwalimu wa kijijini angetazamwa na kijiji kizima, basi na azoee kutazamwa. Kwenye chuo cha masomo ya jumla sababu ilikuwa ya kidini zaidi. Ibada ya pamoja ilikuwa lazima katika vingi vyao, na walimu waliishi jirani na wanafunzi, wakiwaalika chai na mabishano ya vitabu nyumbani kwao. Binafsi chai hizo nazionea wivu kuliko maktaba zao.

Kwenye chuo cha Weusi kamba ilivutwa zaidi: mavazi, ibada, muda, adabu ya mezani. Wakuu wa vyuo walijua kwamba mbunge mmoja Mzungu akikasirika, bajeti inakatwa. Na kamba ikivutwa sana hukatika. Mwaka huohuo Koinange alipofika Hampton, 1927, wanafunzi waligoma, na cheche iliyowasha ni amri ya kuacha taa zikiwaka ukumbini wakati wa sinema ili wavulana na wasichana wasisogeleane gizani. Nyuma ya taa kulikuwa na madai mazito zaidi, wakitaka walimu bora na masomo ya kiwango cha chuo kweli.

Alabama State, kilichokuwa kikiandaa walimu mjini Montgomery, ndicho ninachokirudia mara kwa mara. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alipokuwa amekamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi, Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza chuoni hapo, aliingia kwenye chumba cha mashine ya kudurufu. Pamoja naye walikuwa mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili. Walichapa usiku kucha makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwaita watu wagomee mabasi. Karatasi zilikuwa za chuo, mashine ya chuo, na chuo kilikuwa cha serikali ya jimbo. Kesho yake Robinson aliingia darasani kama kawaida, kisha akatoka na wanafunzi wake kusambaza mafurushi mjini. Walimu watarajiwa hao walijifunza kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba.

Februari 1960 wanafunzi wa chuo hichohicho walikaa kwenye mgahawa wa mahakama uliokuwa wa Wazungu peke yao. Tisa walifukuzwa bila hata kuitwa kujieleza. Baadhi yao walishtaki, na mwaka 1961 mahakama ya rufani ilisema chuo cha serikali hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumwambia kosa na kumsikiliza. Hukumu hiyo ndiyo iliyoanza kukivua chuo cha serikali joho la mzazi, kwa Weusi na kwa Weupe. Bweni lenye kamba fupi kuliko yote ndilo lililoikata kwa niaba ya mabweni mengine.

Masomo

Mwanafunzi wa chuo cha ualimu alisoma saikolojia ya mtoto, namna ya kufundisha kusoma, namna ya kufundisha hesabu, mazoezi ya viungo, muziki wa shule, sayansi kimu, kazi za mikono. Alitoka anajua kupanga kona ya vitabu na kuendesha darasa la madaraja mawili kwa wakati mmoja. Lawama iliyowaandama ni kwamba walijua namna ya kufundisha kuliko kitu cha kufundishwa. Mwaka 1953 mwanahistoria Arthur Bestor wa Chuo Kikuu cha Illinois aliwashambulia wataalamu wa elimu kwa kosa hilo bila kuwaonea haya, na Warusi waliporusha satelaiti ya Sputnik Oktoba 1957 hata waliompinga walipunguza sauti. Mwaka uliofuata serikali kuu ilipitisha sheria ya mikopo ya wanafunzi. Mhitimu aliyekwenda kufundisha shule ya umma alisamehewa asilimia 10 ya deni kila mwaka, hadi kufikia nusu yake. Kwa maoni yangu lawama ya Bestor ilikuwa ya haki kwa mwalimu wa kemia wa sekondari, na ya kuonea kwa mwalimu wa darasa la kwanza.

Chuo cha masomo ya jumla kilikuwa kinyume chake. Mwanafunzi alizama kwenye somo lake miaka minne, akachomeka kozi chache za elimu ili apate leseni ya jimbo, mara nyingi ya kufundisha sekondari. Afrika Mashariki tuliwaonja wahitimu wa namna hii. Mpango wa kuleta walimu wa Kimarekani Kenya, Uganda na Tanganyika, ulioanza 1961 chini ya Teachers College ya Columbia, uliwapitisha Makerere wengi waliokuwa na shahada ya somo bila mafunzo ya ualimu, wasome stashahada ya elimu kwanza kabla ya kupewa chaki. Kwa upande wa kwenda, Wangari Maathai aliondoka 1960 kusoma katika chuo kidogo cha wanawake cha Kikatoliki huko Atchison, Kansas, akatoka 1964 na shahada ya biolojia.

Chuo cha Weusi kilibeba urithi wa Samuel Armstrong, aliyeanzisha Hampton 1868, na mwanafunzi wake Booker T. Washington, aliyeanza Tuskegee 1881: kazi za mikono, kilimo, usafi, na ualimu wa shule za vijijini. Kufikia miaka ya 1950 vyuo hivi vilikuwa vikitoa shahada kamili, na kazi za mikono zilikuwa zimesogezwa pembeni. Hapa pana kichekesho kichungu kwetu. Tume ya Phelps-Stokes, tume ya elimu iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ikisifu mfano wa Hampton na Tuskegee, na mwaka uliofuata ikaanzishwa shule ya Jeanes, ya kuandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini, pale Kabete, Kenya. Miaka miwili baadaye wanafunzi wa Hampton wenyewe wakagoma wakidai elimu zaidi ya hiyo. Tulivishwa koti wakati mwenye koti analivua.

Mbele ya watoto

Chuo cha ualimu kilikuwa na shule yake ya mazoezi. Ball State walikuwa na Burris, iliyofunguliwa 1929, yenye madarasa kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari. Illinois State Normal walikuwa na shule ya msingi na ya sekondari uani mwao. Mwanafunzi alianza kwa kutazama tu, na daftari. Akaja kusaidia: kukusanya madaftari, kusoma na kikundi cha watoto watano, kuandaa ubao. Mwishoni akakabidhiwa darasa kwa muhula. Andalio la somo lilipelekwa kwa mwalimu mlezi kabla ya kipindi, likarudi na wino. Kipindi kikiendelea, mlezi alikaa nyuma na daftari lake. Kengele ikilia, wanakaa wawili na kulipitia: hapa ulimwita mtoto yuleyule mara nne, pale uliuliza swali ukalijibu mwenyewe. Kesho yake tena.

Kasoro yake nayo ni kubwa. Watoto wa shule ya mazoezi mara nyingi walikuwa watoto wa maprofesa, wamezoea wageni darasani kama paka wa hoteli. Mhitimu aliyetoka hapo akapangwa shule ya kijiji yenye jiko la kuni na watoto wanaokwenda shamba wakati wa mavuno alikuta dunia nyingine. Pia wanafunzi wa ualimu walipozidi, shule moja haikutosha kuwapokea wote, vyuo vikaanza kuwapeleka kwenye shule za kawaida za wilaya. Shule nyingi za mazoezi zilikufa pole pole. Ile ya chuo cha Cedar Falls, Iowa, iliyobeba jina la Price, ilidumu hadi 2012.

Chuo cha masomo ya jumla kilipeleka wanafunzi wake shule ya mjini. Waliona watoto halisi tangu siku ya kwanza, na hilo ni jambo kubwa. Walichokosa ni mtu wa kuwatazama. Idara ilikuwa na wakufunzi wawili au watatu, na mwalimu mwenyeji wa darasa alikuwa na kazi zake. Ndiyo hali niliyoikuta mimi siku ile ya zana chini ya meza. James Conant, aliyewahi kuwa mkuu wa Harvard, alipochunguza maandalizi ya walimu alisema mwaka 1963 kwamba kati ya yote yanayofanyika vyuoni, mazoezi ya kufundisha ndiyo yasiyo na ubishi. Na Conant hakuwa rafiki wa wataalamu wa elimu.

Vyuo vya Weusi vilikuwa na shule za mazoezi pia, pamoja na shule za vijijini za jirani. Lakini utajiri wao nauona baada ya chuo. Mwaka 1908, katika wilaya ya Henrico, Virginia, Virginia Randolph alipewa kazi ya kuzungukia shule ndogo za Weusi na kuwasaidia walimu wake, kwa fedha za mfuko wa hisani wa Jeanes. Ndipo jina la shule ya Kabete lilikotoka. Walimu wa namna hiyo waliendelea Kusini hadi miongo ya katikati ya karne. Mhitimu aliyepangwa peke yake kwenye shule ya chumba kimoja alijua kwamba siku fulani ya mwezi atakuja mtu anayeijua kazi, ataketi, atatazama, ataonyesha somo la mfano, na pengine atasaidia kukusanya wazazi watengeneze paa. Katika aina hizi tatu, hiyo ndiyo sehemu pekee ambako kiti cha nyuma kilimfuata mwalimu hadi kazini.

Baada ya kuhitimu

Kwa mhitimu Mweupe ajira ilikuwa inamsubiri mlangoni. Watoto waliozaliwa Marekani mwaka 1946 walikuwa kama milioni 3.4, mwaka 1957 wakafika milioni 4.3, na walianza kujaa madarasa ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya vita walimu zaidi ya 100,000 walikuwa wakifundisha kwa vibali vya dharura. Mafanikio hayo ndiyo yaliyokimaliza chuo cha ualimu chenyewe. Kilitaka kufundisha kila kitu, kikabadili jina: kile cha Cedar Falls, Iowa, kililifuta neno "ualimu" 1961, Illinois State Normal ikawa chuo kikuu cha kawaida 1964, Ball State 1965. Anayetafuta leo chuo cha jimbo chenye kazi moja tu ya kutoa walimu hakipati kirahisi. Kwa mhitimu wa masomo ya jumla ualimu ulikuwa mlango mmoja kati ya mingi, na sina mengi ya kuongeza.

Kwa mhitimu Mweusi habari ni ndefu na nzito. Ualimu ndio uliokuwa kazi kubwa ya kisomi iliyo wazi kwake, kwa hiyo shule za Weusi zilipata vichwa ambavyo mahali pengine vingekwenda kwenye sheria na uhandisi. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu mwenye cheti kilekile, hadi walimu wa Norfolk, Virginia, waliposhinda kesi mwaka 1940. Alipotaka shahada ya pili, jimbo lake lilikuwa radhi kumlipia nauli na ada aende kusoma Kaskazini kuliko kumfungulia chuo kikuu cha Wazungu nyumbani, ndiyo maana kila kiangazi Columbia ilijaa walimu Weusi wa Kusini. Kisha ikaja hukumu ya Mei 1954 ya kuunganisha shule. Shule za Weusi zilipofungwa, walimu wake hawakuhamishwa pamoja na watoto. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba walimu na wakuu wa shule wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 kufikia 1965. Ukitazama mfano huu kwa ajili ya kuazima, tazama na mwisho huo.

Ushauri kwa hali yako

Kama unaandika tasnifu na unategemea mtandao, chuo cha jimbo ndicho chepesi. Vingi vimeweka vitabu vyao vya picha vya kila mwaka na magazeti ya wanafunzi mtandaoni, na utaona kofia, kadi za bweni na ratiba kwa macho yako. Funga muda wako, kwa mfano 1946 hadi 1957, la sivyo utazama.

Kama hamu yako ni siasa na elimu, nenda Alabama State au Hampton, ila usiandike habari za ushujaa tu. Andika pia wakuu wa vyuo walioogopa, kwa sababu hofu yao ilikuwa na hesabu zake.

Kama tatizo la chuo chenu ni walimu wa sekondari wanaoikimbia mada ya tatu ya fizikia, mfano wa masomo ya jumla una la kukufundisha, lakini uchukue pamoja na ile stashahada ya Makerere. Somo peke yake halikutosha hata kwa wenyewe.

Kama mnaandaa walimu wa chekechea na madarasa ya awali, soma Burris na wenzake kwa makini, hasa ule mpangilio wa kutazama, kusaidia, kisha kufundisha. Mtahitaji kuamua mapema watoto wa nani wataandikishwa.

Kama wahitimu wenu wanatawanyika kwenye shule za mbali, mmoja mmoja, mtazame Virginia Randolph kuliko chuo chochote. Hesabuni nauli ya mtu mmoja anayezunguka shule kumi kwa mwezi, mkailinganishe na gharama ya jengo jipya.

Na kama mko kama sisi, mna shule ya mazoezi iliyobaki na jina tu kwenye kibao cha barabarani, huku wanachuo wakipakiwa basi kwenda kufundisha wilaya nyingine, anzeni kwa kuvuka barabara. Mwombeni mwalimu mkuu kiti kimoja nyuma ya darasa la tatu, na mkubaliane nani atakikalia Jumatatu.